Ukimwimbia Nyangumi, Husonga

Nilipokuwa mtoto upande wa Kalamba, nyangumi aliishi ndani ya silanga yetu.

Silanga ni bwawa la udongo linalochimbwa kukinga maji ya mvua. Yetu ilikuwa na maji ya rangi ya chai, na ng'ombe waliingia humo mpaka magotini na kukojoa humohumo. Hakuna mtu aliyeniambia waziwazi kwamba nyangumi yumo. Nilijumlisha mwenyewe. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alituhadithia habari za mtu aliyemezwa na nyangumi kwa sababu hakutii. Nyanya yangu, tuliyemwita susu kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao, alituonya kwamba ndani ya silanga kuna kitu kinachomeza watoto wasiosikia. Nikaona ni mnyama yuleyule. Nilipotumwa maji nilichota nikiwa nimeinama nusu, mguu mmoja nyuma tayari kwa mbio, na nikafika nyumbani na mtungi usiojaa. Nilichapwa kwa sababu ya mtungi. Niliona afadhali fimbo kuliko tumbo.

Naanza na hofu hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike kitabu cha watoto, na kitabu hicho nusura kimuue mtoto.

Nyangumi wa kweli nilimjua nikiwa kidato cha tatu, katika shule ya bweni kule Kitui. Kipande cha sabuni nilichonunua dukani kilifungwa kwa ukurasa wa gazeti la zamani la Kiingereza. Juu yake kulikuwa na picha ya nyangumi mama na mwanawe, wamelala ubavu kwa ubavu majini kama ng'ombe na ndama wake. Sabuni iliisha, ukurasa ukabaki. Niliusoma kwa kamusi, neno kwa neno, kwa majuma mengi. Nikajua kwamba nyangumi si samaki, kwamba hunyonyesha, kwamba hupanda juu kuvuta pumzi kama mimi. Nikajua kwamba huimba. Sentensi ya mwisho ilisema kwamba nyangumi akiimba, mwenzake aliye mbali sana humsikia na. Hapo karatasi ilikuwa imechanika. Nilikaa na ile "na" kwa miaka.

Kamusi yenyewe haikuwa na jalada, na niliihitaji kwa sababu nyingine pia. Kikamba chetu hakina b wala d inayosimama peke yake. Lazima m au n iitangulie, na midomo yetu inabeba tabia hiyo hadi kwenye Kiswahili. Bwenini wasichana waliotoka mijini walinisimamisha juu ya kitanda.

"Haya, msomi, sema: dada yangu amebeba debe."

"Ndanda yangu amembemba ndembe."

Walianguka chini kwa kicheko. Mmoja aliniomba nirudie kwa sababu alikuwa msalani nilipolisema mara ya kwanza. Tangu siku hiyo nilikiogopa Kiswahili kama nilivyoiogopa silanga. Nilijifundisha kwa kamusi ile na kwa redio ya mpishi wa shule, nikifuata midomo ya watangazaji nisiowaona. Mpaka leo siandiki sentensi bila kuisoma kwa sauti mara tatu, nikisikiliza kama kuna m au n iliyojipenyeza.

Nilipomaliza kidato cha nne, alama zangu hazikunipeleka popote. Nikapata kazi ya ualimu bila kusomea ualimu, katika shule ndogo upande wa Kibwezi, ambako mashamba yanaishia na mbuga inaanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilipewa darasa la tatu, watoto thelathini na tisa.

Siku moja niliwaambia wachore mnyama wa porini wanayempenda. Walichora ndovu, karibu wote, lakini si ndovu wa kupendwa. Walimchora na mdomo mwekundu na macho kama ya basi. Mmoja alimchora ndovu ambaye miguu ya binadamu ilichungulia chini ya nyayo zake. Nilipomuuliza miguu hiyo ni ya nani alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni wa dunia hii. "Si ya yule mzee wa juzi, mwalimu."

Alisema kweli. Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa, na ndovu walitoka mbugani kufuata maji ya mto na mahindi ya waliolima kando yake. Mzee mmoja wa kijiji cha pili alikuwa ametoka kuteka maji asubuhi akakutana nao njiani. Watu walimleta nyumbani kwa blanketi.

Mtu mwenye akili angesema: watoto hawa wanaogopa kitu cha kuogopwa. Mimi nilijiona mwenyewe kando ya silanga na mtungi usiojaa. Nikataka watoto wale wasiishi kama nilivyoishi, wakitetemeka kila wanapotumwa. Nikataka wapende. Nilitafuta mnyama mkubwa asiyeweza kuwafikia, nikamkumbuka yule wa kwenye karatasi ya sabuni. Nyangumi hawezi kuingia katika shamba la mtu Kibwezi. Nilidhani nimechagua mnyama salama.

Niliandika kwa miezi mitano kitabu chenye kurasa kumi na mbili. Nasema ukweli, sikuandika kwa furaha hata siku moja. Viganja vilitoa jasho mpaka wino ukachuruzika. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima na kuanza tena, kwa sababu sikuweza kuvumilia kufuta. Ukurasa wa nne niliuandika upya mara kumi na saba. Ndio ukurasa wa ukubwa. Nilitaka mtoto asiyeona bahari aone ukubwa wa nyangumi, na kila kipimo nilichokiandika kilikuwa namba tu. Mwishowe nikaandika: Nyangumi ni ndovu wa baharini. Nikaisoma mara tatu. Nikaiona imesimama wima.

Ukurasa wa tisa ulinitesa zaidi. Ndipo ilipokaa sentensi yangu iliyochanika. Sikujua nyangumi wa mbali akisikia wimbo hufanya nini. Kulikuwa na watu wa kuuliza. Ningeweza kuandika barua kwa mtu fulani Mombasa, au kumuuliza padri wa misheni aliyekuwa na vitabu. Niliona haya kwamba mwandishi wa kitabu cha nyangumi anauliza habari za nyangumi. Basi nikamalizia mwenyewe. Nyangumi akiimbiwa, niliandika, huja. "Huja" ilikuwa kavu. Nikajaribu "hukaribia", ikawa kama ya mkutano wa hadhara. Nikajaribu "husogea", nikaona watoto wangu hawaitumii. Neno walilotumia wao kutwa ni "songa". Kamusi yangu iliniambia kusonga ni kubana, au kukoroga ugali, lakini huku kwetu bara kusonga ni kujongea. Nikaandika: Ukimwimbia nyangumi, husonga. Nikajivunia kwamba angalau mara moja nimeacha kuogopa kamusi. Chini yake nikatunga wimbo:

Songa mama, songa,
songa na mtoto.
Maji ni mengi, songa,
nafasi ipo.

Niliwahi kufikiria kuongeza ukurasa wa mwisho unaosema wanyama wa porini tunawapenda kwa mbali. Niliuandika, nikausoma kwa sauti, nikamsikia susu akinionya. Nikauchana.

Hedimasta alikisoma kitabu akiwa amesimama, miwani kwenye paji la uso, maana yake hakukisoma. "Kazi safi," alisema. "Lakini mwalimu, huyu nyangumi atawasaidia na nini kwa mtihani?" Hata hivyo alimruhusu karani apige stensili, na mashine ya ofisini, ile ya kuzungusha kwa mkono, ikatoa nakala arobaini. Thelathini na tisa za watoto, moja ya hedimasta.

Watoto walikipenda. Hilo nalo lazima niliseme, kwa kuwa niliona raha ambayo sikuwa nimeizoea na iliniziba macho. Waliuimba wimbo wakifagia, wakipanga foleni, wakichezea maji. Maswali hayakuisha.

"Mwalimu, nyangumi akikamuliwa maziwa yatajaza silanga?"

"Mwalimu, akitaka kujamba huko chini inakuwaje?"

Darasa likacheka nami nikacheka. Mbele kabisa alikaa msichana mdogo asiye na meno mawili ya mbele, mtoto wa mkulima wa kando ya mto. Yeye hakucheka. Baba yake alikesha shambani akipiga debe kufukuza ndovu, na kutwa alilala kama mgonjwa. Kila mtu alijua. Msichana aliinua mkono na kuuacha juu mpaka kelele zikaisha.

"Mwalimu, huyu wa baharini na huyu wetu, wanasikia wimbo mmoja?"

Nilikuwa nasahihisha daftari. Sikuinua kichwa. "Ni kama ndugu," nilisema.

Naandika maneno hayo matatu kwa shida kuliko kitabu chote.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, baada ya shule, nilikuwa napepeta mchele mbele ya chumba changu. Mama wa yule msichana alikuja akitembea haraka, leso imemteleza kiunoni.

"Mwalimu, huyu wangu umemzuilia hapa?"

"Hapana, mama. Nilifunga darasa saa tisa."

"Ameweka mfuko wa shule nyumbani akatoka. Nilidhani amekuja kwako. Siku hizi ni wewe tu, mwalimu amesema, mwalimu amesema."

Jirani mdogo, msichana wa darasa langu aliyekuwa akiteka maji ya tangi la shule, alitusikia. Alisema bila hofu yoyote, kama anayetoa jibu la hesabu: "Ameenda kuimbia ndovu wasonge."

Ungo ulinitoka mkononi. Nakumbuka nilitazama mchele ulivyomwagika na kuwaza kwamba lazima niuokote kwanza, punje kwa punje, kabla ya kwenda popote. Hivyo ndivyo akili yangu ilivyo. Mama yule alinishika mkono akanivuta.

Tulimkuta baba njiani, ameamshwa na mtu, shati limevaliwa nje ndani, panga mkono mmoja, debe mkono mwingine. Alitangulia. Tulipita mahindi yaliyolala chini, tukapita mbaazi, tukaingia kwenye migunga ya kando ya mto. Kila nilipoona kitambaa chekundu cha jua kati ya matawi nilidhani ni sare ya shule. Nilikuwa nasali, lakini sala yangu ilikuwa mbaya, naikiri hapa: nilisali asiwe na kitabu mkononi atakapopatikana.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Songa mama, songa.

Alikuwa amesimama juu ya jiwe tambarare upande wetu wa mto, visigino pamoja, kitabu mbele ya kifua, kama nilivyowafundisha kusimama wanaposoma. Mto ulikuwa mwembamba. Mchanga mwingi na maji ya kufika kifundo cha mguu. Ng'ambo walikuwapo ndovu watano, na aliyekuwa karibu zaidi alikuwa jike mwenye ndama. Wanne walikuwa wakinywa. Huyo mmoja alikuwa ameacha kunywa. Masikio yake yalikuwa wazi kama milango.

Mama alifungua mdomo kupiga yowe, baba akauziba kwa kiganja. Mimi nilitazama debe. Yeye akatikisa kichwa.

"Nikipiga hii, watashtuka," alinong'ona. "Hawajui kwa kwenda. Watapita hapo alipo."

Songa na mtoto.

Ndovu alipiga hatua mbili kuingia majini. Alikuwa amesonga. Alisonga kwa maana yangu mimi, ile niliyoiandika. Na msichana, badala ya kuogopa, alikunja uso kwa kero, akainua mkono wake mdogo na kuupunga pembeni, mara mbili, kiganja kikisukuma hewa. Niliijua ishara ile. Naiona kila siku darasani, watoto wanne kwenye dawati la watatu, mmoja akimsukuma mwenzake kwa kiganja: songa! Maana yake ondoka hapo, jibane kule, nipishe.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokisoma. Mtoto hakuja kumwita ndovu. Alikuja kumwomba atoke shambani kwa baba yake. Maji ni mengi, nafasi ipo. Alisoma kitabu changu vizuri, kwa Kiswahili chake mwenyewe, kile nilichojivunia kukitumia.

Aliongeza sauti, kwa kuwa kwa maoni yake mnyama alikuwa hajasikia.

"Mwambie wewe," baba aliniambia sikioni. "Mimi nikisema atanikimbilia, na mbio ni mbaya. Wewe atakutii."

Nilitafuta neno. Nilikuwa nimetumia miezi mitano kutafuta maneno na sasa sikuwa na hata moja. "Rudi" lingekuwa sawa, lakini rudi wapi, na je, akigeuka ghafla? "Njoo" lingemkimbiza. Na nitasema jambo la aibu zaidi: hata hapo niliogopa kukosea matamshi. Kisha mdomo wangu ulijisemea wenyewe, kwa sauti ile ya chini ninayoitumia kila siku saa tisa kasoro dakika tano.

"Funga kitabu."

Akanyamaza. Hakugeuka. Alikifunga kitabu, akakibana kwapani.

"Shuka polepole. Rudi kwa dawati lako. Bila mbio. Anayekimbia darasani atapiga magoti."

Alishuka kutoka kwenye jiwe. Alitembea kuja kwetu kwa mwendo wa mtoto anayejua anatazamwa, akikanyaga mchanga kwa uangalifu, na nyuma yake ndovu alikuwa ameinua mkonga akiinusa hewa aliyoiacha. Hatua ishirini na tatu. Nilizihesabu zote, na sitazisahau. Alipofika, baba alimzoa kama gunia, tukarudi kinyumenyume mpaka migunga ikatufunika. Nilipotazama mara ya mwisho jike yule alikuwa amegeuka, anamsukuma ndama wake kwa mkonga kuelekea juu ya mto.

Shambani mama alimpiga kofi moja, kisha akamkumbatia, kisha akampiga la pili. Baba alikaa chini kwenye mahindi yaliyovunjika. Akaikalia mikono yake.

"Mwalimu," msichana alisema, akisugua shavu, "umeona? Amesonga!"

Baba aliniambia, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi, "Huyu nilimfundisha kuogopa tangu akiwa mgongoni kwa mamake. Wewe umemfundisha nini?"

Nilirudi chumbani nikaokota mchele.

Nilidhani asubuhi ingeniletea aibu tu. Iliniletea kitu kibaya zaidi. Nilipofika shuleni, uwanja mzima ulikuwa umemzunguka msichana yule. Alikuwa ameokoa shamba. Aliimba, ndovu wakaenda. Watoto wa darasa la tano waliazima vitabu vya darasa la tatu ili wajifunze wimbo. Wavulana wawili walikuwa wakipanga kwenda mtoni Jumamosi, na walibishana nani ataanza ubeti.

Nilijua nifanye nini, na niliogopa kuliko nilivyoogopa mtoni. Ningeweza kuwakataza tu. Mwalimu hukataza, watoto huitikia, Jumamosi huenda. Ilibidi niuvunje ule ukurasa wenyewe. Niliingia darasani na ile karatasi ya sabuni, ambayo sikuwa nimewahi kumwonyesha mtu. Niliiinua juu.

"Kila kitu ninachojua kuhusu nyangumi kimetoka hapa," nilisema. "Tazameni chini. Mnaona nini?"

"Imeraruka," walisema pamoja.

"Pale ndipo paliposema nyangumi akiimba mwenzake hufanya nini. Sikupaona. Hayo ya kusonga niliyatunga."

Sauti ikatoka nyuma: "Kwa hivyo ulitudanganya?"

"Nilibuni."

"Mwalimu akidanganya inaitwa kubuni?"

Wachache walicheka, na kicheko kilikuwa na makali ya bwenini Kitui. Sauti yangu ilianza kutetemeka, na kwa hofu nikasikia herufi zangu zinaporomoka, nikasema "ndovu hambembelezwi", watoto wa watu wakanitazama. Niliendelea. Niliwaambia sijawahi kuona bahari. Niliwaambia sijui kama ndovu husikia nyimbo, na kwamba nilimjibu mwenzao bila kuinua kichwa.

Msichana yule alisimama. Macho yalikuwa yamejaa. "Lakini alisonga."

"Alisonga kuja kwako. Hatua mbili. Nilikuwa nyuma yako."

"Mimi nilimwambia asonge aende!"

"Songa ni kwenda," mmoja akasema.

"Songa ni kuja! Mama akisema songa karibu na moto, unaenda wapi?"

"Mwenzako akikwambia songa kwa dawati unamkalia mapajani?"

Walibishana mpaka dawati moja likapinduka. Niliwaacha. Walipochoka, yule msichana alikuwa bado amesimama. Alitazama kitabu chake, chenye mchanga wa mto kati ya kurasa, kisha akanitazama mimi, na naamini ni hapo alipojua alikuwa wapi jana. Alikaa ghafla. Aliikalia mikono yake, kama baba yake jana. Nilikuwa nimeirudisha hofu yake, mimi niliyekuja kumwondolea. Nilitaka kumshika, nikashindwa kusogea.

"Sasa tuandike nini hapo?" aliuliza.

Nilikusanya vitabu. Mtu aliyechana ukurasa kwa herufi moja alikaa siku nzima akikata mistari ya wino juu ya kazi yake mwenyewe. Ukurasa wa tisa, katika kila nakala, nilifuta sentensi na wimbo na kuandika kwa mkono: Hapa karatasi ilichanika. Mwandishi hajui. Ukurasa wa nne nikaongeza: lakini ndovu si nyangumi. Mwishoni nikaandika maneno ya susu, kwa Kiswahili changu: Mnyama wa porini tunampenda kwa mbali, ukimwona, rudi polepole ukamwambie mtu mzima. Vilikuwa vibaya sana kwa macho, vitabu vile. Watoto walivipokea hivyohivyo. Jumamosi nilikaa kando ya njia ya mtoni tangu alfajiri hadi jioni. Wavulana wale hawakuja.

Jumatatu msichana aliniuliza, kwa sauti ndogo, "Na nyangumi, huyo bado naweza kumpenda?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu hafiki."

"Kwa sababu hafiki," nilisema. Alifikiri, akakubali.

Nilisahihisha vitabu thelathini na tisa. Nilipokwenda kwa hedimasta kuomba cha arobaini, alitafuta mezani, akajipiga paji la uso. Alikuwa amempa ofisa wa elimu aliyepita wiki ile, naye akakipenda, akakibeba kwenda nacho mjini Wote awaonyeshe wenzake. Niliandika barua mbili. Mwishowe nilikwenda mwenyewe, nikasimama mbele ya karani mmoja aliyekuwa akinywa chai.

"Ako kakitabu ka samaki? Kalikuwa kazuri," alisema. "Kuna mtu alikachukua apelekee watoto wake."

"Watoto wa wapi?"

"Sasa hiyo nitajua aje, dada yangu?"

Nimeandika vitabu vingine tangu hapo, vya ndege, vya kobe, vya nyuki, na kila neno nalishika kama nilivyokuwa nikishika mtungi, mguu mmoja nyuma. Redio ikitaja ndovu na mtoto katika sentensi moja, naacha ninachofanya na kusubiri waseme ni wapi. Nakala ile haina mstari wa wino. Ndani yake nyangumi bado ni ndovu wa baharini, na ukimwimbia, husonga. Haisemi anasonga upande gani.